Shekeli kwa Gramu: Tafsiri za Biblia Ziugeuze Uzani wa Kiebrania au Ziuache?

Msomaji wa Union Version ya mwaka 1952 akifika 1 Samweli 17 anaambiwa kwamba darii ya Goliathi, yaani vazi lake la kujikinga vitani, ilikuwa na uzani wa shekeli elfu tano za shaba, na kichwa cha mkuki wake shekeli mia sita za chuma. Msomaji wa Biblia Habari Njema, katika sura hiyo hiyo, anakuta kilo. Wote wawili wamesoma habari moja, lakini wa kwanza amepewa kipimo asichokijua na wa pili amepewa kipimo ambacho mwandishi wa Kiebrania hakukijua. Swali la ni yupi kati yao aliyehudumiwa vizuri zaidi limegawanya wafasiri kwa muda mrefu, na kila upande una hoja ambazo haziwezi kupuuzwa. Maoni yangu, ambayo nitayatetea hapa chini, ni kwamba kilo zinastahili kuwekwa kwenye tanbihi, zikiwa zimekadiriwa waziwazi, na shekeli ibaki ndani ya aya. Lakini zipo aya ambazo zinautia msimamo huo majaribuni.

Kabla ya kupima hoja za pande zote, ni lazima tujue gramu zenyewe zinatoka wapi, kwa sababu Biblia haikutuachia popote ulinganisho wa shekeli na kipimo kinachojulikana leo. Inachotuachia ni uwiano wa ndani: Kutoka 30:13 inasema shekeli moja ni gera ishirini, Kutoka 38:26 inasema beka ni nusu ya shekeli, na hesabu ya fedha iliyotajwa katika aya za sura hiyo inaonyesha kwamba talanta moja ilikuwa shekeli elfu tatu. Uzito halisi wa shekeli umetokana na uchimbaji. Katika nchi iliyokuwa ufalme wa Yuda yamepatikana mamia ya mawe ya kupimia, mengi yakiwa ya chokaa, yenye kitako bapa na mgongo wa mviringo kama kuba, na baadhi yamechongwa juu alama iliyojipinda kama kitanzi kilichoachia miguu, pamoja na tarakimu za mtindo wa Kimisri. Mengi ni ya kati ya mwisho wa karne ya nane na mwanzo wa karne ya sita KK. Mwaka 1998 mwanaakiolojia Raz Kletter alichapisha uchambuzi wa mawe zaidi ya 400 ya aina hii, na wastani aliopata kwa shekeli moja ni takriban gramu 11.33. Jiwe la shekeli mbili lililopatikana mwaka 2020 karibu na Ukuta wa Magharibi mjini Yerusalemu lina uzito wa gramu 23, nalo linakubaliana vizuri na wastani huo. Kutoka hapo talanta inakuwa kama kilo 34, beka kidogo chini ya gramu sita, na gera kidogo zaidi ya nusu gramu.

Mawe hayo yameshawahi kuokoa aya nzima. Katika 1 Samweli 13:21 liko neno pim, ambalo halipatikani mahali pengine popote katika Biblia ya Kiebrania, na wafasiri wa kale walilibahatisha. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ililifanya kuwa tupa ya kunolea. Mawe yaliyochongwa neno hilo yalipoanza kupatikana na kupimwa, yakaonekana kuwa na uzito wa kama gramu 7.8, yaani karibu theluthi mbili za shekeli, na aya ikaeleweka: hiyo ndiyo bei ambayo Wafilisti waliwatoza Waisraeli kwa kunoa majembe yao. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kazi ya kutafuta gramu ni anasa ya wasomi.

Sasa hoja ya wanaotaka kilo ndani ya aya. Wanasema, na ni kweli, kwamba masimulizi yaliandikwa ili yaeleweke mara moja yanaposikika. Msikilizaji wa Yerusalemu wa karne ya saba KK aliposikia shekeli elfu tano hakuhitaji maelezo. Mabega yake yaliuona uzito huo. Msikilizaji wa Dodoma au Kisumu anaposikia maneno hayo hayo hapati chochote isipokuwa kwamba ni nyingi. Mwambie kilo 57, yaani zaidi ya mfuko mmoja wa saruji, uliovaliwa mwilini na mtu anayetembea kwenda vitani, naye ameelewa kile mwandishi alichotaka aelewe. Habari ya Akani, aliyeiba nyara za vita, katika Yoshua 7 inafaidika vivyo hivyo. Kabari ya dhahabu ya shekeli hamsini ni kama gramu 570, na fedha ya shekeli mia mbili ni kama kilo mbili na robo. Kwa vipimo hivyo mtu anaona kwa nini vitu hivyo viliweza kufukiwa ardhini katikati ya hema pasipo jirani kujua, na pia kwa nini vilimtia tamaa iliyomshinda.

Upo upande mwingine wa hoja hii ambao watetezi wake hawautaji mara nyingi, nao kwangu ndio wenye nguvu zaidi: kilo humlazimisha msomaji kukabiliana na ukubwa wa baadhi ya namba. Taji la mfalme wa Waamoni katika 2 Samweli 12:30 lilikuwa na uzani wa talanta moja ya dhahabu. Anayesoma talanta anapita. Anayesoma kilo 34 anasimama na kuuliza ni shingo gani inayobeba kitu hicho, na hapo anakutana na swali ambalo wafafanuzi wamelijadili kwa muda mrefu, kama taji hilo lilikuwa la mfalme au la sanamu ya Milkomu, mungu wa Waamoni, kwa kuwa maneno ya Kiebrania yanaweza kusomwa kwa namna zote mbili. Katika 1 Mambo ya Nyakati 22:14 Daudi anasema ameiwekea nyumba ya Bwana talanta laki moja za dhahabu na talanta milioni moja za fedha. Kwa kilo 34 kila talanta, dhahabu hiyo ni tani 3,400, kiasi kinachokaribiana na dhahabu yote inayochimbwa duniani kwa mwaka mmoja katika zama zetu. Mtu anaweza kuamini namba hiyo kama ilivyo, au kuichukua kama lugha ya kutukuza ukarimu wa mfalme, au kufikiria kosa la kunakili. Shekeli na talanta zisizogeuzwa humwezesha msomaji kupita bila kujua kwamba kuna jambo la kufikiri.

Hoja ya upande wa pili huanzia mahali ambapo wengi hawatazamii, yaani kwenye hesabu. Kutoka 38 inataja wanaume 603,550 waliohesabiwa, kila mmoja akitoa beka moja, na jumla ya fedha ni talanta 100 na shekeli 1,775. Msomaji mwenye kalamu anaweza kuihakiki: nusu ya 603,550 ni 301,775, toa 1,775 zinabaki 300,000, gawa kwa talanta 100, na shekeli elfu tatu kwa talanta inajitokeza yenyewe. Hii ni taarifa ya mhasibu, na uzuri wake ni kwamba inajifunga bila kubakiza hata shekeli moja. Sasa tuigeuze kama wanavyofanya wafasiri wa lugha nyepesi, kwa kuikaribisha kila namba kwenye namba kamili iliyo jirani, kwa wepesi wa kusoma. Beka inakuwa gramu sita. Mara watu 603,550, tunapata kilo 3,621. Talanta inakuwa kilo 34, hivyo talanta 100 ni kilo 3,400, na shekeli 1,775 zinaongeza kama kilo 20. Jumla ni kilo 3,420. Zimeonekana kilo mia mbili za fedha ambazo hakuna aliyezitoa. Mfasiri hakudanganya mahali popote, kila ukaribishaji wake ulikuwa wa busara ukitazamwa peke yake, na bado ameivuruga hesabu ambayo mwandishi wa kale aliilinda kwa uangalifu mkubwa.

Anaweza kujibu kwamba atumie desimali. Akitumia gramu 5.665 kwa beka hesabu itafunga, lakini atakuwa ameingia katika kosa lililo baya zaidi, kwa sababu tarakimu tatu baada ya nukta zinadai ujuzi ambao hatuna. Wastani wa 11.33 ni wastani wa mawe yaliyotofautiana, mengine yamemeguka, mengine yamekwanguliwa, na madogo zaidi yanatofautiana kwa asilimia kubwa kuliko makubwa. Mfasiri anayetaka wepesi huweza kuchukua gramu kumi kamili kwa shekeli. Darii ya Goliathi inashuka hadi kilo 50, na dhahabu ya hema la ibada katika Kutoka 38, talanta 29 na shekeli 730, inakuwa kilo 877 na gramu 300. Akichukua 11.33 dhahabu hiyo hiyo inakuwa karibu kilo 994. Tofauti ya zaidi ya kilo mia moja za dhahabu imetokana na uamuzi wa mtu mmoja mezani pake, na ile "gramu 300" ya mwishoni inampa msomaji hisia kwamba mtu fulani alipima.

Zaidi ya hayo, Biblia yenyewe inakiri kwamba shekeli haikuwa moja. Iko shekeli ya mahali patakatifu, uko uzani wa mfalme uliotumika kwa nywele za Absalomu katika 2 Samweli 14:26, na katika Mwanzo 23:16 Ibrahimu anampimia Efroni fedha shekeli mia nne za aina iliyopokelewa na wafanyabiashara. Kama vipimo hivi vingekuwa sawa, kusingekuwa na haja ya kuvitaja kwa majina tofauti. Nje ya Yuda hali ilikuwa hivyo hivyo: shekeli ya Babeli ilikaribia gramu 8.4, ile ya Ugariti gramu 9.4, na shekeli ya Tiro, iliyofuliwa kama sarafu tangu karne ya pili KK na kupokelewa kwa kodi ya hekalu, ilikuwa kama gramu 14. Mawe yaliyotupa 11.33 ni ya zama za Hezekia na Yosia, wafalme wa Yuda. Kuyatumia kwa ununuzi huo wa Ibrahimu, wa pango la Makpela, ambao masimulizi yanauweka karne nyingi kabla yao, ni dhana, hata kama ni dhana isiyo na mbadala ulio bora. Nywele za Absalomu kwa uzani wa Yuda ni kilo 2.3, kwa uzani wa Babeli ni kilo 1.7.

Tatizo hilo linaonekana wazi kabisa katika tukio la mwaka 701 KK, kwa sababu hapo tunao mashahidi wawili. 2 Wafalme 18:14 inasema Senakeribu wa Ashuru alimtoza Hezekia talanta 300 za fedha na talanta 30 za dhahabu. Kumbukumbu za Senakeribu mwenyewe, zilizoandikwa juu ya miche ya udongo wenye pande sita, ambayo nakala zake zimehifadhiwa London, Chicago na Yerusalemu, zinataja talanta 30 za dhahabu na talanta 800 za fedha. Dhahabu inalingana, fedha hailingani. Ni nadra sana kwa Biblia na adui wa Yuda kukubaliana kwa namba kamili, na mfasiri anayeacha talanta mahali pake anamwezesha msomaji kuliona jambo hilo kwa jicho lake. Lakini akigeuza, inambidi achague. Kwa talanta ya Yuda, 30 ni kama kilo 1,020. Kwa talanta ya Mesopotamia, yenye mane 60 (mane ni kipimo kilicho kati ya shekeli na talanta) za takriban nusu kilo, ni kilo 900. Na Ashuru ilikuwa na vipimo viwili, chepesi na kizito, kizito kikiwa mara mbili ya kile chepesi; kati ya mawe ya shaba yenye umbo la simba yaliyochimbuliwa Nimrud, mji wa kale wa Ashuru, liko la mane 15 ambalo uzito wake unakaribia kilo 15, yaani mane ya kilo moja. Kwa kipimo hicho kizito dhahabu ya Hezekia inafika kilo 1,800. Namba ambayo pande mbili za vita ziliiandika sawasawa imegawanyika kuwa tatu.

Wapo waliotarajia kwamba tofauti ya talanta ingeeleza ile fedha 300 dhidi ya 800. Haielezi. Kama Wayuda walihesabu kwa talanta kubwa na Waashuru kwa ndogo, dhahabu nayo isingelingana. Na hata tukichukua kilo 34 kwa upande mmoja na kilo 30 kwa mwingine, fedha inabaki kilo 10,200 dhidi ya 24,000. Inaaminika zaidi kwamba orodha mbili hazikuhesabu vitu vile vile, hasa tukikumbuka kwamba hesabu ya Ashuru inaendelea kutaja mali nyingine nyingi zilizopelekwa Ninawi. Katika suala hili kilo zimetusaidia kuifunga njia moja ya maelezo, nami nazikubali kwa kazi hiyo. Lakini ni kazi ya ufafanuzi, na mahali pa ufafanuzi ni chini ya ukurasa.

Suala la thamani nitaligusia tu. Shekeli ya fedha mara nyingi ilikuwa malipo, na gramu 340 za fedha hazimwambii mtu kwamba shekeli thelathini zilikuwa fidia ya mtumwa aliyepigwa pembe na ng'ombe katika Kutoka 21:32. Kugeuza kuwa shilingi ni kubaya zaidi, kwa sababu bei ya fedha hubadilika kabla wino wa chapa haujakauka.

Hata hivyo wapo watu ambao hawana hiari ya kuiacha shekeli bila kuigeuza, na ni haki kuwasikiliza. Wayahudi wanaomkomboa mwana mzaliwa wa kwanza kwa mujibu wa Hesabu 18:16 wanapaswa kumpa kuhani shekeli tano za fedha, na fedha haitolewi kwa makisio. Kwa mawe ya Yuda, shekeli tano ni kama gramu 57. Marabi wa Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi, waliamua zihesabiwe kwa kipimo cha Tiro, ambacho kwa sarafu zinazojulikana kinafika kama gramu 70. Desturi inayofuatwa na wengi leo inakaribia gramu 100. Waislamu wa pwani yetu wanajua hali hiyo kutokana na nisabu ya zaka, yaani kiwango cha chini cha mali kinachomlazimu mtu kutoa zaka: dinari ishirini za dhahabu na dirhamu mia mbili za fedha, ambazo wanazuoni wengi huzikadiria kuwa gramu 85 na gramu 595, huku wengine, hasa wa madhehebu ya Hanafi, wakishika gramu 87.48 na 612.36. Katika mambo haya kugeuza ni wajibu, na kwa kuwa ni wajibu yapo mamlaka yanayochagua namba, tena mara nyingi kwa tahadhari, yakipendelea kiasi kinachohakikisha kwamba deni limelipwa. Mfasiri wa Biblia hana mamlaka hayo. Akiandika namba moja ndani ya aya, anatoa hukumu ambayo hakuna aliyemwomba, wala msomaji hawezi kuikatia rufaa kwa kuwa hajui kwamba imetolewa.

Ndiyo maana naona aya ibaki na shekeli, na tanbihi iseme "kama kilo 57" au, pale ambapo kipimo kina utata, "kati ya kilo 900 na 1,800, kutegemea talanta iliyotumika". Neno "kama" lisiachwe, na desimali zisipite kiwango ambacho mawe yanaweza kubeba. Nakiri kwamba Biblia nyingi husomwa kwa sauti, kanisani na nyumbani, na tanbihi haisomwi kwa sauti. Kwa matoleo ya watoto na ya wanaojifunza kusoma, nisingempinga mfasiri anayeandika kilo katika habari ya Goliathi, mradi asifanye hivyo katika Kutoka 38, wala katika 1 Wafalme 10:14, ambapo talanta 666 za dhahabu zikigeuzwa kuwa tani 22 na nusu, namba ambayo wasomaji wa Ufunuo 13 wangeitambua mara moja inafutika kabisa.

Iko pia mifano ya mawe yenyewe kukosa uaminifu, nayo inagusa maana ya maandiko moja kwa moja. Jiwe dogo lililotangazwa mwaka 2021 kutoka Mji wa Daudi limechongwa alama ya gera mbili, ambazo zingepaswa kuwa kama gramu moja, lakini lina uzito wa zaidi ya gramu tatu. Waliolichimbua wanaliona kuwa jiwe la udanganyifu, la aina ile ile ambayo Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza mtu kuwa nayo mfukoni, kubwa na dogo. Sheria hiyo, pamoja na Amosi 8:5, inamlenga muuzaji anayetaja jina la kipimo ambacho jiwe lake halikifikii, au linakizidi pale anaponunua.

Na katika Ezekieli 45 nabii, baada ya kudai mizani za haki, anaweka kanuni: shekeli iwe gera ishirini, na mane iwe shekeli ishirini, na ishirini na tano, na kumi na tano, jumla sitini. Baadhi ya nakala za kale za Kigiriki zinaisoma aya hiyo kwa namna inayoleta mane ya shekeli hamsini, na bado haijaamuliwa ni usomaji upi ulio wa asili. Aliyegeuza mane kuwa kilo hapo amechagua kati ya gramu 680 na gramu 570 kwa kalamu moja, na ameiondoa sheria yenyewe, kwa kuwa Ezekieli hakuwa anasema mane ina uzito gani. Alikuwa anawaamuru wauzaji na wakuu wa Israeli ni shekeli ngapi wasithubutu kuipunguzia.